Chumvi Imekaa Sawa

Tarehe 4 Februari

Mpishi wangu,

Nimefika salama, ingawa nadhani neno hilo tunalitumia kwa haraka mno. Mwili umefika, mengine bado yako njiani. Chumba nilichopewa kiko ghorofa ya tatu, juu ya duka la fundi saa. Kina kitanda chembamba, meza moja, na dirisha linalotazama ua wa nyuma wa mkahawa, hivyo harufu za jiko la watu hunifikia kabla sijavaa viatu. Nilicheka peke yangu. Nimesafiri mbali kiasi hiki kuja kulala tena jirani na masufuria.

Kuhusu simu, naona tulifanya vyema kuiacha iwe ya dharura. Saa yangu ya kula ndiyo saa yako ya kufunga jiko, na kila tulipojaribu tuliishia kuulizana kama mvua imenyesha. Kwenye karatasi huenda tukasema zaidi. Au huenda tukaficha zaidi, bado sijajua.

Mchana huwa niko kwenye chumba cha ramani za kale, nikiziorodhesha. Kalamu za wino haziruhusiwi, penseli tu, na kila mtu hunawa mikono mlangoni kama anayekwenda kula. Mtunza ramani ni mama mjane, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi mweusi, na maneno yake hayana sukari. Amenifanya mgeni wake. Jana alinichukua kwenda kula, saa ambayo kwetu majirani wamekwisha kuzima taa, nami nikamfuata huku nikipiga miayo. Mkahawa ulikuwa umejaa. Watoto walikuwa macho, wazee walikuwa wakibishana, na hakuna aliyetazama saa.

Tuliletewa mkate wenye ganda gumu, na mafuta ya zeituni yanayowasha kidogo kooni. Kisha wakaja kome waliopikwa kwa mvinyo mweupe na kitunguu saumu, kisha samaki mzima aliyepasuliwa mbele yetu, ngozi yake ikilia kama karatasi. Mwisho lilikuja jibini lenye harufu ya soksi za mwanafunzi wa bweni. Mtunza ramani aliniambia nizibe pua na nifungue kinywa, nikatii, na sijui nikueleze vipi jinsi lilivyoyeyuka.

Nakuandikia haya kwa kusitasita. Tangu ile homa ikuondolee harufu na ladha, sijawahi kula mlo mzuri bila kukumbuka kwamba wewe unatafuna usichokisikia. Na sasa sipo pale mezani kukipokea kile kibakuli chenye mfuniko unachotoka nacho kazini kila usiku, nionje kwa niaba yako, ili kesho yake ujue uongeze nini na upunguze nini. Nyumba nzima ya wageni inakula kwa ulimi wangu, na tajiri wako hajui. Nani anakuonjea sasa? Tafadhali usinijibu kwa mzaha.

Wako,
Mwalimu


Tarehe 19 Februari

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma jikoni nimesimama, mwiko mkono mmoja. Msaidizi wangu alivyoniona nimeacha kukoroga akadhani nimefiwa, akaanza kunipa pole. Nikamwambia hapana, mke wangu anakula jibini linalonuka. Akasema hiyo nayo ni sababu ya kupewa pole.

Usiwe na wasiwasi juu ya kuonja. Dada yangu yupo. Tangu uondoke amehamia chumba cha uani asiniache peke yangu, na ulimi wake unautambua ulivyo. Anaonja kama hakimu: kwanza anakunja uso, halafu anakaa kimya, halafu ndiyo ananisomea kifungo. Tajiri hajashtuka. Wiki iliyopita mgeni mmoja aliita mpishi atoke nje, nikatoka nikijua nimekwisha, kumbe alitaka kunishika mkono kwa ajili ya mchuzi.

Nakuomba jambo moja. Usinihurumie kwa kunificha. Niandikie kila unachokula. Na usiandike "kizuri". Kizuri kila mtu anasema, hata kwenye harusi ya adui yake. Niambie kilivyo, kama hivyo ulivyoniambia ngozi ya samaki ilikuwa inalia. Hiyo niliisoma mara nyingi.

Kula vizuri, mke wangu. Na uvae koti.

Mpishi


Tarehe 3 Machi

Mpishi wangu,

Umenipa ruhusa, basi nitaitumia.

Juzi mtunza ramani alinipeleka kwenye mkahawa mwingine, wa chini ya ngazi, wenye meza chache na mhudumu mmoja mwenye hasira. Chakula kilikuwa bega la kondoo lililolala kwenye mvinyo mwekundu tangu asubuhi. Tulikula taratibu. Mvinyo wa kunywa ulikuwa ule ule wa kwenye sufuria, na mhudumu alitueleza kwamba anayepika kwa mvinyo asioweza kuunywa huyo ni mwizi. Nikakukumbuka wewe na ugomvi wako juu ya nyanya za kopo.

Basi nilipotia tonge la kwanza kinywani, mtunza ramani akaniuliza, "Unaonja nini?" Nami nikajibu papo hapo, bila hata kumeza, "Chumvi imekaa sawa."

Akacheka mpaka akashika miwani yake. "Sikukuuliza kama imekaa sawa," akasema. "Nimekuuliza unaonja nini."

Niliona aibu kidogo, kisha nikafumba macho nikaanza upya. Kwanza nilikuta utamu wa kitunguu kilichokwisha kuyeyuka. Nyuma yake ukaja uchungu wa mvinyo, kisha pilipili manga iliyochelewa kama mgeni asiyetaka kuonekana, na chini kabisa kulikuwa na kitu kama moshi, ambacho baadaye niliambiwa ni jani tu. Tonge moja. Nilikaa nalo muda mrefu kuliko ninavyokaa na insha nzima ya mwanafunzi. Tulitoka pale barabara zikiwa tupu, nikatembea hadi chumbani kwangu nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Nimejiuliza furaha ile ni ya nini hasa. Nadhani ni kula bila kudaiwa hukumu. Hakuna mtu aliyesubiri jibu langu ili afanye kazi yake kesho. Labda nakosea kukuandikia hivi. Labda linasikika kama lawama. Si lawama. Kazi ya kukuonjea niliiona kama sehemu ya ndoa yetu, nami nimeifanya kwa moyo.

Kuna jingine. Wameniomba niongeze mwaka mmoja, nimalize orodha ya ramani zote. Jibu linatakiwa kabla ya Mei. Sijawaambia kitu. Kama ulimi wa wifi hautoshi, niandikie neno moja tu, nami nitafunga mizigo.

Wako,
Mwalimu


Tarehe 18 Machi

Mwalimu,

Barua imefika. Nimefurahi kwamba umeonja.

Kuhusu mwaka, ongeza. Kazi ni yako na wamekuomba wenyewe, hukuiokota. Huku hakuna kinachoharibika. Dada anaonja, jiko linawaka, wageni wanakuja na kuondoka. Nguo zako nimezianika juani zisipate ukungu, kisha nikazirudisha.

Nilitaka kuandika zaidi lakini leo nimechoka.

Mpishi


Tarehe 21 Machi

Wifi yangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Sisi wazima, ila nakuandikia kumshitaki mume wako, maana mimi nimeshindwa naye na mama hayupo wa kumpeleka.

Kaka amebadilika. Tangu ile barua yako ya mwanzo wa mwezi amekuwa mtu wa kukaa barazani tu, ukimwambia kitu anajibu "ndiyo" kwa swali ambalo halina ndiyo. Nikasema basi nimpikie mimi, apumzike. Wifi, alinitoa jikoni kama nimekuja kuiba. Na chakula chake mwenyewe huwezi kukisemea neno. Mimi tangu nihamie hapa sijawahi kutia hata kijiko kwenye sufuria lake, nani anataka ugomvi? Akipakua nakula, namaliza, naosha sahani yangu.

Juzi ndiyo alinichekesha. Nimebandika maziwa, nimesimama mbele yake kabisa, naimba zangu. Yeye yuko huko barazani anashona kishikizo. Nikasikia, "Dada, maziwa yanashika chini." Mimi mwenyewe sijasikia harufu yoyote! Kufunua, kweli, yameanza kushika. Ile pua hajaipoteza tangu utotoni. Mama alikuwa akificha nyama, yeye anaingia mlangoni tu anaitaja ni ya mnyama gani. Na sokoni muuza samaki akimwona anageuza meza, anasema mpishi akinusa tu biashara imekwisha.

Basi mwandikie maneno ya kumchangamsha. Wewe ndiye anayekusikiliza.

Wifi yako anayekukumbuka


Tarehe 2 Aprili

Mpishi,

Wifi ameniandikia. Nadhani hakujua anaandika nini, na ninakuomba usimkaripie. Siri ilikuwa yetu wawili, naye hakuwa na sababu ya kuona ajabu kaka yake akinusa maziwa.

Nimeisoma barua hiyo nikitafuta maelezo mengine. Pengine uliyasikia maziwa yakichemka kwa sauti, si kwa harufu. Pengine muuza samaki ni utani wa sokoni uliokwisha kuzeeka. Lakini wifi anasema pia hajawahi kukuonjea, nawe uliniandikia kwamba anaonja kama hakimu. Hilo siwezi kulitafutia maelezo. Mtu asiyesikia ladha hawezi kupika wiki baada ya wiki bila mwonjaji, na wageni wakamwita kumshika mkono.

Kwa hiyo harufu na ladha zimekurudia. Ningepaswa kushangilia. Kama ungeniambia, ningeshangilia mpaka majirani wagonge ukuta. Badala yake nimekaa hapa nikihesabu upya usiku wetu. Nilikuwa nikirudi kutoka darasani na furushi la insha, nikikaa mezani nikisinzia, nikingoja mlango, kwa sababu niliamini kwamba bila kijiko changu ungefukuzwa kazi. Safari hii yenyewe nilikaribia kuikataa kwa ajili yako, nawe ndiye uliyenisukuma niende. Nilidhani unajitoa mhanga. Kumbe ulijua huna unachopoteza.

Sitaki kuhukumu kabla ya kusikia. Huenda kuna jambo sijaliona. Mara nyingi huwa lipo. Lakini niambie zilirudi lini. Na uniambie kwa nini uliendelea kuniletea kile kibakuli.

Mwalimu


Tarehe 15 Aprili

Mke wangu,

Utanisamehe, mimi si mtu wa kupanga maneno. Nitakueleza lilivyokwenda.

Zilirudi mwaka jana, mvua za mwanzo zilipokatika. Nilikuwa natembea kurudi nyumbani, nikapita dirisha la jirani, nikasikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Nilisimama pale kama mwizi. Mwenye nyumba akatoka kuniuliza ninataka nini, nikaondoka. Sikukwambia usiku ule kwa sababu niliogopa zisije zikaondoka tena. Nikangoja. Hazikuondoka.

Basi nikasema nitakwambia kwa namna yangu, tucheke. Siku ya mapumziko nilipika nyama nyumbani, nikaipika kwa kila kitu, tangawizi, nyanya, kila kitu, ila chumvi sikutia hata chembe. Nikajua ukionja tu utakunja uso utasema, "Wewe leo umelala?" Hapo ndipo nitakapokwambia, "Najua haina, nimeisikia mwenyewe." Nilikuwa nimejizuia kucheka tangu mchana.

Ulikuwa mezani na insha zako. Nikakuwekea kibakuli. Ukaonja bila kuinua macho, ukasema, "Chumvi imekaa sawa."

Nilibaki nimesimama. Nikasema moyoni labda amechoka. Kesho yake nikaleta kingine, nimekitia ndimu mpaka mimi mwenyewe meno yaliniuma. Ukasema, "Vizuri, kama kawaida." Siku nyingine nikaleta wali mtupu. Nikawa naleta, Mwalimu. Ndiyo sababu niliendelea. Nilikuwa nasema usiku mmoja ataonja, na usiku huo nitamwambia. Na tena nikikwambia, utakuwa huna haja ya kukaa mezani kuningoja, na ile ndiyo saa pekee tuliyokuwa tunakaa wawili. Nikaona bora nusu saa ya uongo.

Kuhusu safari, nilikusukuma kwa sababu nilijua naweza kazi yangu. Hilo ni kweli. Kuhusu dada kuonja, nilidanganya ili usinihurumie.

Halafu ukaniandikia yule samaki. Nilifurahi sana, nikasema kumbe ulimi wake mzima. Halafu ukaniandikia yule kondoo, na huyo mama aliyekuuliza unaonja nini, na jibu ulilompa. Nililitambua lile jibu. Ni langu, nimelipokea miezi mingi. Yeye amekuuliza mara moja tu, ukafumba macho ukaonja upya. Mimi sikujua kama inatakiwa kuulizwa hivyo.

Basi nikaelewa kwamba ulimi wako haujafa. Ulikuwa umelala mezani kwangu tu.

Sikuandikii haya ili urudi. Usirudi kwa ajili ya sufuria.

Mpishi


Tarehe 27 Aprili

Mpishi wangu,

Barua yako niliisoma kwenye chumba cha ramani, na mtunza ramani akaja kuniondolea karatasi za watu mbele yangu, kwa upole, kabla sijazilowesha.

Nimejaribu kuukumbuka usiku ule. Nakumbuka insha nilizokuwa nikisahihisha, zilihusu mito. Nakumbuka ile taa yetu iliyokuwa ikiwaka na kufifia. Nakumbuka, au nadhani nakumbuka, kwamba ulisimama karibu yangu muda mrefu kuliko kawaida, nami nikajiuliza unataka nini, kisha nikageuza ukurasa. Chakula sikikumbuki. Nimekitafuta kwa siku nyingi, na hakipo.

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka kweli, lakini sina hakika kwamba uchovu unatosha kueleza miezi. Wali mtupu, Mpishi. Nafikiri kwamba mwanzoni nilikuonjea kwa bidii, kisha kila usiku kibakuli kilipokuja nikakijua kabla hakijafunuliwa, kama tunavyowajibu watu "nzuri" kabla hawajamaliza kuuliza habari. Nilidhani nakuonjea, huenda nilikuwa nakujibu tu. Na bado najishuku, kwa sababu maelezo haya yamepangika vizuri mno, na mimi ni mtu ninayejua kupanga maelezo.

Jana nilirudi peke yangu kwenye ule mkahawa wa chini ya ngazi. Niliagiza kondoo yule yule na mvinyo ule ule. Mhudumu akaniwekea bila kunisalimu. Watu walikuwa wengi, walikuwa wanacheka, na mlango ulipofunguliwa baridi iliingia pamoja na wateja wapya, ingawa usiku ulikuwa umekwenda sana. Nilifumba macho kama nilivyofunzwa. Nilikuta nyama, nikakuta umajimaji wa moto, basi. Nilikaa mpaka mafuta yakaganda kwenye sahani, nikalipa, nikatoka.

Nimekataa mwaka wa nyongeza. Najua umeniambia nisirudi kwa ajili ya sufuria, nami nimejiuliza kama narudi kwa sababu nakupenda au kwa sababu nimefumwa. Sijapata jibu ninaloliamini. Hata hivyo tiketi nimekata, nami nitakuwa nyumbani katikati ya Mei. Nakuomba unipikie chochote, chenye chumvi au kisicho nayo. Sitaleta insha mezani. Uniulize, nami nitakwambia ninaonja nini.

Wako,
Mwalimu


Tarehe 9 Mei

Mwalimu,

Nakuandikia kupitia yule dereva wa tajiri anayekwenda uwanja wa ndege kuchukua wageni. Nimemwomba akuvizie, akupe hii kabla hujafika nyumbani, kwa sababu nikikuona sitaweza kuyasema.

Karibu. Dada amefagia chumba, na godoro nimeligeuza. Siku hiyo nimeomba ruhusa kazini, nitapika mwenyewe, maana msafiri hapokewi na jiko la baridi. Kutakuwa na nyama, wali, na mboga ile unayoipenda. Mvinyo sina. Chumvi nitaonja mimi.

Kile kibakuli chenye mfuniko usikitafute. Nimempa dada, ameweka vishikizo.

Tutakaa, utakula, utanieleza habari za ramani na za huyo mama mwenye miwani, nami nitasikiliza yote. Ukishiba utasema umeshiba. Ila sitakuuliza.

Mpishi